Wageni Hewa wa Maji Kwanza

Kitendawili.

Nakutegea wewe uliyekaa hapo, usigeuke nyuma kumtafuta mwingine. Anabisha hodi kwangu kila siku, namkaribisha, anakaa, anakula, anaondoka ameshiba. Lakini hana njia aliyojia.

Kivuli? Kivuli hakili. Upepo? Upepo haubishi hodi, huo una tabia za maafisa. Usingizi? Umekaribia, ila usingizi haushibi. Basi umeshindwa, nipe mji. Na usinipe Dar es Salaam, nimeshapewa na watoto wavivu wengi mpaka sijui niuweke wapi. Nipe Mafeni.

Hujausikia kwa sababu haujajengwa. Uko nyanda za Singida, miaka ambayo wewe utakuwa na mvi. Mapanga ya kuzalisha umeme kwa upepo yamesimama kilima kwa kilima, yanazunguka kutwa kucha, ndiyo maana watu wakauita Mafeni. Umeme wote huo, na bado wenyewe waligawiwa kwa kijiko. Nimekwenda huko, nimekula kuku wao, nimerudi, na jibu nimelikuta nyumbani kwa Siwema Mkumbo. Ni mgeni wa tovuti aliyeletwa na kiungo chenye lakiri. Usijisumbue kama hujaelewa. Erasto Mghenyi alisomeshwa mpaka ng'ambo na hakuelewa.

*

Erasto Mghenyi aliingia kwa Siwema bila hodi. Alikuwa Afisa wa Idara ya Hesabu ya Wageni, jina refu kama mkia wa tiara, na kama tiara, chini yake kulikuwa na uzi tu. Kifuani alining'iniza mashine ya ukubwa wa kitabu cha dini. Mashine hiyo iliitwa Karani, nayo ndiyo iliyokuwa ikifikiri. Kazi ya Erasto ilikuwa kuibeba.

Siwema alikuwa jikoni na wifi yake Tunu, dada wa marehemu mumewe, wakichambua mlenda. Juu ya kabati, karibu na debe la unga, lilikaa sanduku la tovuti. Lilikuwa na joto zuri, na Tunu alizoea kuanika majani ya mlenda juu yake.

"Nani kati yenu ni mmiliki wa Maji Kwanza?" Erasto akauliza.

"Shikamoo haina kodi, mwanangu," Tunu akasema.

"Shikamoo. Nani mmiliki?"

"Marahaba. Kaa, unywe maji kwanza."

"Sina muda wa maji, mama."

Siwema akafuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mkunga wa zahanati mpaka alipostaafu, na sauti yake ilibaki ile ya kumwambia mtu asukume. "Mimi ndiye. Sema."

Erasto akaigusa Karani kifuani, nayo ikasema kwa sauti ya kike yenye adabu ya kukodi: "Tovuti hii ina wageni wengi. Wageni hawa hawana walikotoka. Wageni wasio na walikotoka ni wageni hewa."

"Umesikia," Erasto akasema, kama aliyetunga maneno yale mwenyewe.

Hapo inabidi ujue mambo ya Mafeni. Kila tovuti ilikaa kwenye sanduku lake, nyumbani kwa mwenyewe, na kila sanduku lilipewa umeme kwa kadiri ya wageni wake. Sheria ilionekana ya haki siku ilipopigiwa makofi. Baadaye bwana mmoja aliyerekodi mbuzi wake akipiga chafya akapata umeme wa kuzungusha kinu cha kusaga, na zahanati ikawa inazalisha wanawake kwa taa ya simu. Waheshimiwa waliitazama hali hiyo wakasema mfumo unafanya kazi. Na kweli ulifanya kazi. Hata kupe hufanya kazi.

"Wageni wangu wapo," Siwema akasema. "Nazungumza nao."

"Wametoka wapi?"

"Hatuwaulizi."

Erasto akacheka puani. "Hamuwaulizi."

"Kwenu mgeni akifika mnamuuliza atokako kabla hajanywa maji?"

"Mama, hii ni takwimu, si ugeni. Sheria inajua watu wa aina mbili. Kuna mgeni, lazima awe na atokako. Na kuna mwanakaya. Mwanakaya haulizwi atokako, ana haki yake ya umeme kwa kichwa chake, anajitaja kwa mdomo mbele ya afisa na Karani inamwandika. Kwenye kaya hii wamo wangapi?"

"Mimi na wifi."

"Ninyi wawili, na mlango unagongwa usiku na mchana. Kwa hiyo ama mnabisha hodi kwenu wenyewe mpate umeme wa bure, ama mmeajiri mashine iwabishie. Hilo ni kosa."

Akatoa mfukoni kifurushi kidogo cha karatasi ya fedha, akakiweka juu ya mlenda uliokwisha kuchambuliwa. Tunu akakiondoa kwa kidole kimoja kama anayeondoa nzi.

"Hiyo ni lakiri ya Idara. Ipachike kwenye sanduku. Kila mgeni ataonekana kijiji alichotoka na maneno aliyotafutia. Wakiwa wa kweli, mtapata umeme mpaka wa kupigia pasi. Narudi Ijumaa. Unaweka au huweki?"

Siwema alikitazama kifurushi, akautazama na mlenda.

"Unaweka au huweki, mama?"

"Ijumaa si umesema unarudi," Tunu akasema. "Basi rudi hiyo Ijumaa. Na mlango ule pale, kama ulivyoukuta, una mbao za kubishia."

*

"Wifi, hebu nieleweshe," Tunu alisema Erasto alipokwisha kuondoka. "Hao wanawake unaozungumza nao wapo au hawapo?"

"Wapo."

"Mbona kile kidude hakiwaoni?"

Wanawake wenyewe walikuwa wale waliochanika wakati wa kujifungua, mtoto akakaa njiani siku nyingi, kidonda kikabaki, mkojo ukawa unawavuja bila wao kuuzuia. Ni ugonjwa wenye upasuaji, na upasuaji wenyewe ni bure. Lakini mume anahamisha godoro, mama mkwe anafungua madirisha, mwisho mwanamke anajengewa kibanda nyuma ya zizi. Huko kwenye kibanda alibaki na simu. Aliinamia simu akauliza anachoshindwa kumuuliza mtu, na mtambo wa kutafutia, uitwao Dira, ulimpeleka Maji Kwanza. Ukurasa wa kwanza haukuwa na jina la ugonjwa wala picha ya daktari. Uliandikwa tu: Karibu. Hapa ni kwenu. Kunywa maji kwanza. Chini palikuwa na kitufe, Nimekunywa. Akishakibonyeza, Siwema humjibu mwenyewe.

"Zamani," Siwema alisema, "Dira akimwelekeza mtu kwangu, yule mtu alikuja na kijikaratasi. Nimetoka kwa Dira, nilikuwa natafuta jambo fulani. Mimi nilikisoma, na Idara ilikisoma. Halafu Dira akaanza kuzipiga lakiri njia zake, ili wachunguliaji wa njiani wasione kitu. Jambo jema. Lakini mgeni akitoka kwenye njia yenye lakiri akaingia mlango usio na lakiri kama wangu, kile kijikaratasi kinachanwa kizingitini, kisije kikasomwa na mpita njia. Anaingia mikono mitupu."

"Halafu?"

"Halafu Karani inasema, huyu hakuelekezwa na mtu. Huyu anwani aliijua kwa kichwa, akaiandika mwenyewe. Na ni nani anayeijua anwani ya nyumba hii kwa kichwa?"

"Mimi na wewe."

"Basi ndiyo sisi tunaokesha tukibisha kwetu."

Tunu akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha. "Na wale wanaomlipa Dira awatangazie biashara, wageni wao nao wanachaniwa karatasi?"

"Wale huletewa karatasi nzima na kila neno lililotafutwa."

"Kwa hiyo siri anafichwa mwenye nyumba, anaonyeshwa mwenye duka." Akatema mbegu ya limau dirishani. "Nilidhani wamestaarabika. Haya, si uweke lakiri na wewe? Kijikaratasi kisichanwe."

"Mafeni lakiri hutolewa na Idara, na ya Idara ina ufunguo wa pili. Wanakaa nao wao."

Tunu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikumbuka ya Mzee Kitundu, mfuga nyuki wa mtaa wa pili. Kitundu aliweka lakiri ya Idara kwenye tovuti yake ya asali na dawa za mizizi, akafurahia umeme, akanunua na jokofu. Mwisho wa mwezi, kama ilivyo desturi ya Mafeni, Idara ikasoma hesabu kwenye vipaza sauti vya sokoni. Uwazi, waliuita. Kipaza sauti kikasema kwa adabu ile ile ya kukodi kwamba Tovuti ya Nyuki imepata mgeni kutoka nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, aliyetafuta dawa ya mwanamume anayelala mapema. Soko zima liligeuza shingo. Nyumba ya tatu alikaa fundi cherehani, baba wa watoto watano, mtu mpole. Alihama kabla nyanya za siku ile hazijaisha sokoni. Idara iliandika kwamba wageni wa Tovuti ya Nyuki wamepungua, sababu haijulikani.

"Sasa fikiria yule wa nyuma ya zizi anasomwa vile," Siwema akasema. "Kijiji fulani, mwanamke anayevuja."

"Nafikiria." Tunu akakigeuza kifurushi cha fedha mkononi. "Lakini nafikiria na lingine, wifi, usinikasirikie. Likizimwa hilo sanduku, huyo wa kibandani akibisha hodi keshokutwa, nani atamwambia karibu?"

Siwema aliyageuza majani ya mlenda yaliyoanikwa juu ya sanduku.

"Si nakuuliza? Unaweka au huweki?"

Sanduku likalia kengele ndogo, kengele ya mtu aliyebonyeza Nimekunywa. Siwema akachukua simu yake kusoma. Yaliandikwa maneno haya: Mama, nimeambiwa hapa hamfukuzi. Sina nauli bado, nauza kuku wangu Jumamosi. Nikibisha Jumamosi mtakuwepo?

Jumamosi huja baada ya Ijumaa, hata kama hukusoma hesabu unalijua hilo. Siwema alikaa na simu mkononi. Mara mbili alichukua kile kifurushi, mara ya pili akakichana ukingo, akaona lakiri yenyewe: nyembamba, nyekundu, imeandikwa Kwa Usalama Wako. Watu hawa wangeweza kumwandikia fisi kibao cha mchunga mbuzi na wasione aibu.

Siwema aliirudisha lakiri kwenye karatasi, akafungua ukurasa wa kwanza wa tovuti, akaongeza maneno chini ya yale ya zamani. Aliandika kwamba nyumba huenda ikazimwa Ijumaa na maafisa. Akaandika jina la hospitali na mlango wa kuingilia, ule wa nyuma, ambao muuguzi wake hakunji pua. Akaandika kwamba upasuaji ni bure, na anayedai chochote ni mwizi. Akataja na mtaa anaokaa, ili asiyejua kusoma ramani ajue hospitali iko upande gani wa nyumba ya Siwema. Mwisho akaandika: Msije hapa, watawaona. Hapa ni kwenu siku zote, lakini msije.

"Umewaambia ni kwao, halafu wasije," Tunu alisema, akisoma begani mwake. "Hiyo ni kauli gani?"

"Ndiyo niliyonayo."

*

Ijumaa Erasto alikuja na vijana wawili wa kukata umeme na mwavuli wa kumkinga jua yeye. Alikuta uani watu.

Walikuwa wanawake. Walikaa kwenye mikeka, kwenye ngazi, kwenye mawe ya kufulia, wengine wamesimama kwa sababu walizoea kutokaa mbele za watu. Kila mmoja alikuwa na vitenge zaidi ya kimoja, na mizigo midogo ya mtu asiyejua atarudi lini. Walianza kufika tangu alfajiri, mmoja mmoja, kila mmoja na hodi yake, na Siwema alipofungua mlango wa kwanza hakusema neno ila karibu. Tunu alikuwa akizunguka na kata ya maji. Alikuwa amefukiza ubani ua mzima, akidai ni kwa ajili ya mbu.

"Hawa nao ni nani?" Erasto akauliza.

"Sijawauliza," Siwema akasema.

Erasto alivuta hewa, akaikunja pua, kisha akaikunjua haraka kwa sababu wanawake wote walikuwa wanaitazama pua hiyo. Walikuwa wameziona nyingi. Ya afisa haikuwa hata ya kutisha.

"Mama Siwema, sina ugomvi na wewe. Lakiri umeipachika?"

"Niliwaambia wasije," Siwema akasema, kana kwamba hakusikia. "Niliandika."

"Unaweka au huweki? Hili ni la mwisho."

Kijana mmoja alishapanda ngazi ya nguzo. Siwema aliwatazama waliokaa kwenye mikeka yake. Akakitoa kile kifurushi kwenye kibindo cha khanga, akamrudishia Erasto mkononi, akamkunjia na vidole kama anayempa mtoto nauli.

"Siweki," akasema. "Kaitumie mwenyewe. Utafute jambo lako la aibu, kisha uende sokoni ukalisikilize."

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Erasto akavimba. Ni kitu cha ajabu mtu wa aina ile anavyovimba. Humwoni akiongezeka, nguo tu ndizo zinapungua.

"Vizuri. Kata," akamwambia wa kwenye nguzo. Kisha akakumbuka kitu, akainua mkono. Alikuwa amewaona wanawake, na akili yake iliyolala iliona njia ya kutoka na ushindi mara mbili. "Ngoja. Kumbe wageni wapo. Basi Karani itawaandika hapa hapa mmoja mmoja, kijiji na shida iliyomleta, na hesabu itasomwa kama kawaida. Mnaona? Idara si adui. Lakiri ya nini, wakati midomo mnayo?"

Waliokuwa karibu na lango wakaishika mizigo. Siwema akapiga hatua mbele, na wifi yake akamshika kiwiko.

"Waache," Tunu akanong'ona. "Hawajamaliza maji."

Erasto akamwendea aliyekuwa mbele, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kijani, si msichana na si mtu mzima. Alikuwa ameshika kata kwa mikono miwili. Erasto akaisogeza Karani karibu na kinywa chake, na taa yake ikawaka.

"Wewe. Umetoka wapi?"

Mwanamke akanywa. Alikunywa polepole, jinsi anavyokunywa mtu aliyejifunza kunywa kidogo ili avuje kidogo, kisha leo akaamua basi.

"Nakuuliza, umetoka wapi? Kama hakuna utokako, hao vijana wanakata."

"Mgeni ataje alikotoka," Karani ikasema kwa adabu.

"Hiyo inaandika kila inachoambiwa?" mwanamke akauliza.

"Kila neno. Haikosei," Erasto akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kweli.

"Na ni kweli mwanakaya haulizwi atokako, anajitaja mwenyewe kwa mdomo, na umeme wake anapata?"

Erasto akaitazama taa ya Karani, bado imewaka. Kwenye nguzo kijana alisubiri na koleo. Nyuma ya kitenge cha kijani wenzake walikuwa wameanza kusimama, mmoja baada ya mwingine, na wale wa langoni walikuwa wameiweka mizigo chini, wakajipanga mstari ambao hakuna aliyewaambia waupange. Yule wa kwanza akampa Tunu kata tupu, akafuta midomo, akasema kwa sauti ambayo kibandani hakuwa na wa kumwonyesha:

"Nimetoka humu ndani. Hapa ni kwetu. Andika."